Rahila wa mofa na sahani iliyotajwa kikaoni

Jua bado halijapanda juu ya minazi ya Vitongoji, na Bi Rahila Nyange anatia mkono motoni. Analowesha kiganja, anachota donge la unga wa mtama lililolala na chachu, anainama, anazamisha mkono mpaka kiwiko ndani ya mofa, na paa! Mkate umeganda ubavuni mwa tanuri. Mkono unatoka unafuka mvuke, mzima.

Mofa ndilo tanuri lenyewe: mtungi mkubwa wa udongo, makaa chini, mdomo wazi juu. Mkate unaotoka humo huitwa mkate wa mofa, na kisiwani Pemba mwanamke anayejua kuuoka bila kuungua hakosi wateja.

Leo anabandika kwa hasira. Majirani wanasema mlio wa kiganja chake huwaambia siku imeamkaje, na leo unasikika mpaka barabarani. Leo ni siku ya kikao cha madiwani. Chai ya kikao hicho haitanywewa kwa mkate wake. Itanywewa kwa mkate wa kumimina wa Bi Maisa wa Ole.

"Mie sina wivu," anasema Bi Rahila kabla hajaulizwa. "Watu wanasema n'na wivu. Sina. Nnauliza tu, huo mkate wa kumimina una nini? Mchele, nazi, sukari na hiliki. Mtu anaupika kakaa kitako kwenye kigoda, hata nywele hazishiki moshi."

Paa! Mwingine ukaganda.

Ana miaka 47, watoto wanne, na mume mmoja ambaye, kwa maelezo yake, ni wake peke yake na hana nia ya kumgawa. Mume huyo ni Bwana Masoud Hudhaifa, fundi wa vitanda ambaye watu walimchagua kuwa diwani wa wadi yao kwa sababu hajawahi kumwuzia mtu kitanda kibovu. Ukweli wake huo ndio uliomfikisha Bi Rahila hapa alipo leo, akioka mikate ya barabarani huku mwanamke mwingine akiilisha halmashauri.

Kazi ya mofa aliirithi kwa mama yake. Mama huyo msimu wa karafuu alikuwa akipanda kwenda Ole kuchuma kwenye shamba la babu yake Maisa, zama ukoo wa kina Maisa, watu wenye asili ya Oman, ulipokuwa na mashamba ya kutembea mchana kutwa. Mashamba hayo sasa hayapo. Imebaki nyumba ya mawe, mikarafuu michache, na Bi Maisa mwenyewe, mjane anayeishi kwa cherehani na mapishi.

Lakini wivu hauangalii nani ana mashamba leo na nani hana. "Mama yangu aliwachumia karafuu zao," anasema Bi Rahila. "Mie mume siwachumii."

Zabuni ya chai ya vikao aliipata mwenyewe, miaka kadhaa kabla mumewe hajafikiria siasa. Siku za vikao na semina alioka mikate mia kwa shilingi 500 mmoja, akaibeba mjini Chake Chake na birika zake, akawanywesha madiwani na makarani. Fedha hiyo ndiyo iliyomsomesha uuguzi binti yake mkubwa, Rumaitha, mpaka akafika mwaka wa mwisho.

Masoud alipochaguliwa, hakuna aliyesema neno. Kisiwani kote nani asiyejua nani mke wa nani? Madiwani walikunywa chai, wakamsifu mwokaji, wakamtania mwenye mke. Bi Rahila aliendelea kumimina.

Kisha ikaja semina ya maadili.

Mwalimu wa semina aliwaeleza madiwani kwamba kuanzia siku hiyo, kila kikao, baada ya dua na kabla ya ajenda, kila diwani atasimama na kutamka mambo matatu: zawadi alizopokea, takrima aliyofanyiwa, na maslahi aliyonayo yeye au mtu wa nyumbani kwake katika shughuli za halmashauri. Wengi walitikisa kichwa kama mtu anavyotikisa kichwa kwenye hotuba ya harusi. Masoud yeye alisikiliza.

"Alirudi nyumbani kama katoka Makka," anakumbuka Bi Rahila. "Hata kuvua viatu alivua pole pole. Akanambia, Mama Rumaitha, kuanzia leo sili kitu cha mtu nikakaa nacho kimya."

Kikao cha kwanza wenzake walisimama mmoja mmoja wakasema "sina", wakaketi. Masoud alisimama akakohoa. Akatamka kwamba alipewa madafu matatu na mzee mmoja wa wadi yake, akanywa moja na mawili akayaacha. Akatamka samaki aina ya changu aliyetiliwa kwenye sahani ya wali harusini, ambaye wageni wengine hawakutiliwa. Akatamka lifti ya pikipiki kutoka njia panda.

Ukumbi uliangua kicheko. Diwani mmoja akamwambia, "Yakhe, utatutajia mpaka maji ya kunawa?"

"Kama yalikuwa ya bure, nitayataja," Masoud akajibu, na hakuwa akitania.

Ugumu wa Pemba ni kwamba huingii nyumba ya mtu ukatoka na tumbo tupu. Ukikataa chakula umemtukana mwenyeji, na ukikubali una deni la adabu. Mkono mtupu haulambwi, wanasema wahenga, na wapigakura wa Masoud hawakuwa na nia ya kumpa mkono mtupu diwani wao. Kwa hiyo orodha yake ilikuwa ndefu kila kikao, na Bi Rahila, aliyekuwa nyuma ya ukumbi na birika zake, alicheka pamoja na wengine. Alicheka mpaka lilipokuja jina la Maisa.

Kamati ya madiwani ilikwenda Ole kukagua barabara. Nyumba ya mwisho kwenye barabara hiyo ni ya Bi Maisa, na walifika hapo wakiwa na njaa. Aliwalisha wote. Walipokuwa wanaondoka, alitoka na mkate mzima wa kumimina ndani ya sahani ya kaure yenye maua ya buluu, sahani ya bibi yake, imefunikwa kawa lililosukwa kwa ukindu wa rangi. Akaiweka mikononi mwa Masoud.

Masoud hakuifikisha nyumbani. Semina ilisema kitu kinachoharibika kisipelekwe nyumbani kwa kiongozi, bali kigawiwe watu ofisini. Akapita ofisini, akaukata mkate, wakala makarani na mlinzi. Sahani na kawa akaviweka kabatini. Moyo wake ukatulia.

Kikao kilichofuata akasimama mbele ya kipaza sauti. "Nimepokea kutoka kwa Bi Maisa wa Ole mkate wa kumimina mmoja, mzima, ndani ya sahani ya kaure yenye kawa juu. Mkate umeliwa ofisini. Sahani ipo kabatini."

Nyuma ya ukumbi Bi Rahila alikuwa ameshika birika.

Hapa yafaa msomaji wa mbali aelezwe jambo ambalo Mpemba halielezwi. Chakula kinachotoka nyumba hii kwenda nyumba ile huingia jikoni, mkononi mwa mwanamke wa nyumba. Yeye ndiye hukila na watoto wake, akakiosha chombo, akakitia chake alichopika, akakirudisha. Chombo hakirudi kitupu. Sahani inayotoka mkononi mwa mwanamke mjane ikaingia mkononi mwa mume wa mtu, ikaishia hukohuko bila kuonwa na mke, hiyo watu wana jina lake jingine.

"Nilisikia damu ikipanda mpaka masikioni," anasema Bi Rahila. "Watu wote wakanigeukia mie. Wengine wakatazama vikombe vyao. Mwenyekiti mwenyewe akajifanya anatafuta miwani, nayo kaivaa."

Akaliweka birika mezani, akajifunga mtandio, akatoka. Siku hiyo madiwani walijimiminia chai wenyewe.

Jioni Masoud aliporudi alimkuta mkewe kakaa kwenye kiti cha mlangoni, kiti ambacho kwa kawaida hukaliwa na wageni.

"Umeoa?" akamuuliza.

"Sijaoa."

"Unaoa lini?"

"Mama Rumaitha, ule mkate nimeutangaza mbele ya watu. Mtu anayeficha jambo hulitangaza?"

"Anayeoa ndiye anayetangaza," akasema Bi Rahila, akaingia ndani.

Kwa wiki nzima alimpakulia chakula kwenye bakuli la plastiki lenye ufa. Hakumnyima, kwa sababu kumnyima mume chakula ni dhambi na yeye ni mtu wa dini, lakini bakuli alilichagua kwa makusudi. Mitaani maneno yalikuwa yameshatangulia mbele. Kisimani waliambiana kwamba mke mdogo ameshapatikana. Sokoni waliambiana kwamba nyumba inajengwa Ole. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

"Mie mchana nilikuwa naoka, lakini roho yangu ilikuwa Ole," anasema. "Nnawaza, sasa anakaa wapi akila? Kiti gani? Anamtilia chai kwa mkono gani? Hata nilianza kuujaribu huo mkate wa kumimina, nikaupika kwa siri watoto wakiwa skuli. Ukaungua chini. Nikawapa kuku."

Mlinzi wa siri hiyo alikuwa jirani yake, Bi Mwanabaraka, na kama ilivyo desturi ya walinzi wa siri, yeye ndiye aliyelieleza gazeti hili. "Kuku wenyewe hawakuumaliza," anaongeza Bi Mwanabaraka.

Asubuhi moja, Bi Rahila akiwa ameinama juu ya mofa, akasikia hodi. Alipoinua uso, Bi Maisa alikuwa amesimama uani kwake, baibui jeusi, vumbi la njia kwenye viatu.

Wakaamkiana kama inavyopasa. Wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakaulizana mvua. Bi Rahila akamwekea mkeka, kwa sababu hata adui akija huwekewa mkeka. Hakumpa mkate.

"Dada yangu," akasema Bi Maisa, "nimeifuata ile sahani yangu. Ni ya bibi, vyenginevyo nisingekusumbua."

"Sahani yako mie nimeisikia kwenye kipaza sauti, Bi Maisa. Kuiona sijaiona."

"Hukuletewa?"

"Niletewe mie?"

"Nilikuletea weye. Nilimwambia Bwana Masoud, mpe Bi Rahila, mpishi mwenzangu, aonje anambie kama chachu imekaa sawa. Mkate wako nilikuwa nauona kwenye vikao vya shehia, nikasema yuno mtu kazi anaijua. Nimengoja sahani irudi. Ilipokuwa hairudi nikasema labda mkate wangu haukumpendeza, anaona haya kunambia."

Bi Rahila anasema alitamani ardhi ipasuke. Ila hakutamani immeze yeye. Alitamani immeze Masoud.

Hapo ungetarajia wivu uishe. Haukuisha, ulibadilisha njia tu. "Ningemkuta mtu mbaya, usiku ningelala," anasema huku akigeuza makaa. "Nimemkuta ana adabu. Kaja kwa miguu, kanyanyua shutuma yangu kaiweka chini taratibu, wala hakunicheka. Na mzuri. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?"

Maisa aliondoka bila sahani. Jioni Masoud alipoketi mbele ya bakuli lake lenye ufa, mkewe alikaa mkabala naye.

"Sahani ilikuwa yangu."

Masoud akaacha kula.

"Aliniletea mie. Kakwambia kwa mdomo wake, mpe Bi Rahila. Weye ukasimama mbele ya watu ukasema nimepokea. Jina la Maisa ulilitaja, la kawa ulilitaja. Langu lilikukwama wapi?"

Fundi huyo wa vitanda, anayetaja mpaka dafu, alisogeza bakuli pembeni. Alijibu kwa sauti ya chini.

Alisema aliogopa. Kama angesema sahani ni ya mke wake, karani, japo anajua, angeuliza kwa ajili ya daftari mke gani na anafanya kazi gani, na ingebidi aseme kwamba mke wake ndiye anayeiuzia halmashauri mikate. Hilo hakuwahi kulitamka tangu siku ya semina. Kila kikao alisimama na orodha yake ndefu, akatoa dafu, akatoa changu, akatoa lifti, na kila kikao akaketi kabla hajafika kwenye mkate uliokuwa mbele yake mezani.

"Weye si zawadi, Mama Rumaitha," akamwambia. "Weye ni maslahi. Nikikutaja, zabuni inaondoka. Mtoto yuko mwaka wa mwisho."

"Kwa hivyo ulikuwa ukiwatajia madafu ili wasiniulize mie?"

Gazeti hili lilipomuuliza Masoud swali hilohilo, aliweka randa yake chini, akasema, "Sikujua kama ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Lakini ndivyo nilivyokuwa nikifanya."

Bi Rahila anasimulia kwamba usiku ule hasira za Maisa zilimtoka zote, zikaingia nyingine mbaya zaidi. Alianza kuwaonea wivu watu wote waliowahi kutajwa. Mzee wa madafu. Kijana wa pikipiki. Hata yule changu. "Watu arubaini wanajua nani alimpa mume wangu dafu," anasema. "Anayempa chakula asubuhi na jioni miaka ishirini na mitano, huyo hajulikani. Kafichwa kama bidhaa ya magendo."

"Nitaje," akamwambia.

"Ukitajwa utaikosa kazi."

"Bora niikose kazi nimetajwa."

"Na ada?"

"Weye fundi. Tengeneza vitanda."

Siku ya kikao alioka mikate mia yake kama kawaida, mizuri kuliko siku zote, kwa sababu alijua ndiyo ya mwisho na hakutaka mtu aseme zabuni ilitoka kwa mkate mbaya. Akavaa kanga mpya. Akasimama nyuma ya ukumbi, birika mkononi, na safari hii hakutoka.

Masoud alisimama. Hakuanza na madafu. Bi Rahila analijua tamko lile neno kwa neno, na analitoa kama mtoto wa chuo anavyotoa sura ya Kurani aliyoihifadhi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ile sahani ya Bi Maisa haikuwa yangu. Ilikuwa ya Rahila binti Nyange wa Vitongoji, mke wangu wa ndoa. Mkate mnaoula hapa ni wa mkono wake, na halmashauri humlipa. Hayo ni maslahi ya nyumba yangu, na nimekaa kimya siku zote hizi. Kosa ni langu, yeye hana kosa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Diwani, hilo sote tulikuwa tunalijua."

"Mlikuwa mnalijua, Mwenyekiti. Mimi sikulitamka."

Masoud alipewa onyo. Zabuni ya chai ilisimamishwa siku ileile na ikatangazwa upya, na familia za madiwani hazikuruhusiwa kuomba. Wanawake watatu waliomba. Mmoja mkate wake ulikuwa mkavu, wa pili alichelewa kuleta sampuli. Akapata Maisa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema kisimani. Habari ilimkuta akikanda unga. "Nililia," anasema waziwazi. "Nikalia kwa nguvu. Ingekuwa kwa mwanamke mwingine yeyote kutoka Makangale mpaka Mkoani, nisingelia."

Maisha yamebadilika. Sasa anauza barabarani, na siku nzuri humaliza mikate sitini. Siku ya mvua watoto hula mofa asubuhi, mchana na usiku. Masoud amerudi kwenye randa na msumeno, na baada ya kazi za wadi hutengeneza vitanda mpaka magharibi. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha ada ya Rumaitha. Binti huyo alipopigiwa simu kuelezwa, aliuliza kitu kimoja tu: "Baba alisema hivyo kweli, kwenye kipaza sauti?"

Anajuta? Bi Rahila anafuta jasho kwa ncha ya kanga. Anajuta mikate mia, anasema, anaijuta fedha, na siku za vikao hujuta tangu alfajiri. Kisha analowesha kiganja.

"Mie siku ya ndoa yangu jina langu lilitajwa msikitini. Nilikuwa nyumbani nimefunikwa shuka, sikulisikia. Hii ya juzi nimeisikia kwa masikio yangu. Rahila binti Nyange. Mpaka karani akauliza Nyange inaandikwaje."

Kuhusu mumewe, amemwekea sheria yake. Kila siku ya kikao, kabla hajavua kofia, husimama mlangoni na kutoa tamko la nyumbani: amekula nini, cha nani, na kiasi gani. Leo mchana tupo anaporudi. Anaegemeza baiskeli ukutani, anatoa salamu, anasimama wima.

"Nimekunywa chai kikombe kimoja. Nimekula kipande kimoja cha mkate wa kumimina."

"Wa Maisa."

"Wa Bi Maisa."

"Ulikuwaje?"

Masoud anatazama chini. Kila mtu uani pale anajua kwamba mwanamume yeyote mwenye akili angesema ulikuwa mkavu.

"Mtamu," anasema.

Bi Rahila anageukia mofa na kubandika mkate kwa kishindo ambacho Bi Mwanabaraka, upande wa pili wa ua, anakiitikia kwa kicheko.

Matumaini yake ni ya wazi. Siku mumewe atakapotoka kwenye udiwani, asubuhi yake yeye atakuwa mlangoni mwa halmashauri na sampuli ya mkate. "Namwombea umri mrefu na afya njema," anasema. "Na asigombee tena." Rumaitha akimaliza masomo, anataka pia kujenga mofa la pili, kubwa, la kuokea mikate ya harusi.

Lakini kuna jambo la karibu zaidi. Juu ya kabati lake la vyombo ipo sahani ya kaure yenye maua ya buluu, na kawa lake. Masoud aliileta kutoka ofisini siku nyingi zilizopita. Kuirudisha tupu Bi Rahila hawezi, ni aibu. Kuitia mkate wake akampelekea Maisa alikuwa hataki hata kusikia. Kwa hiyo sahani imekaa, na kila akipita huitazama.

Leo anaishusha. Anaiosha, anaifuta kwa kitambaa kikavu, anapanga juu yake mikate ya mofa iliyotoka sasa hivi, anaipaka samli mpaka inang'aa. Anafunika kawa.

"Sasa hivi naipeleka Ole mwenyewe, kwa mkono wangu," anasema. "Nataka aule mkate ungali na moto wake, nitaukumbatia njiani. Nataka akimaliza, na yeye aone wivu kidogo."

Masoud, ambaye bado yuko mlangoni na kofia kichwani, anakohoa.

"Mama Rumaitha. Bi Maisa sasa ni mzabuni wa halmashauri. Kitu kikitoka nyumba hii kwenda kwake, itanibidi nikitamke."

Bi Rahila anaweka mkono juu ya kawa, kana kwamba kuna mtu atakayelichukua.

"Kitamke," anasema. "Na jina langu ulitaje lote."